Game of Thrones: Kwa nini watazamaji wa tamthilia moja waliondoka na hukumu tofauti kiasi hiki?

Bint Pangani (mleta mada):

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Natanguliza tahadhari: mada hii inataja mwisho wa Game of Thrones waziwazi, kwa hiyo ambaye bado yuko njiani asiendelee kusoma.

Nimemaliza kuitazama tamthilia hii ya koo zinazogombania kiti cha enzi katika nchi ya kubuni ya Westeros mwaka huu, misimu yote minane kwa mfululizo, kutoka kwenye flashi aliyonipa kaka yangu. Nilipofika mwisho nilihuzunika, lakini sikukasirika. Daenerys Targaryen kuuteketeza mji wa King's Landing, Jon Snow kumchoma kisu mwanamke anayempenda, Bran Stark kupewa ufalme, Sansa kubaki na Kaskazini yake: yote hayo niliyapokea kama mwisho mchungu wa hadithi ambayo tangu mwanzo haikuwa na huruma kwa mtu yeyote. Ndipo nikaingia mtandaoni kutafuta wenzangu walisema nini mwaka 2019, na nikajiona kama mtu aliyefika msibani amevaa nguo za harusi.

Nilikuta kwamba lilianzishwa ombi la kutaka msimu wa nane uandikwe upya na waandishi wenye uwezo, na saini zake zikavuka milioni moja. Nilikuta kwamba katika tovuti ya IMDb sehemu ya mwisho ina alama zinazozunguka 4 kati ya 10, ilhali ile ya Harusi Nyekundu, yale mauaji ya karamuni, katika msimu wa tatu iko juu kabisa, karibu na 10. Halafu, kana kwamba ninasoma habari za tamthilia nyingine, nikaona kuwa msimu huohuo uliteuliwa kuwania tuzo 32 za Emmy (tuzo za runinga za Marekani) na ukatwaa 12, ikiwemo ya tamthilia bora ya mwaka, na kwamba usiku wa mwisho, tarehe 19 Mei 2019, kituo cha HBO kilichoirusha kilihesabu watazamaji milioni 19.3 nchini Marekani pekee.

Kaka yangu aliitazama wakati ule ilipokuwa ikirushwa. Nikimuuliza, ananijibu neno moja tu, "Waliiharibu," kisha anabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo nawaomba ninyi mlioifuata kwa miaka mingi mnifafanulie. Sitafuti kujua nani yuko sahihi. Nataka kuelewa ni kitu gani hasa ambacho waliokasirika walikiona na mimi sikukiona, na kama waliosifu walikuwa na hoja au walikuwa wanapinga umati tu.

Msomaji wa Usiku:

Dada Bint Pangani, nitakujibu kama mtu aliyeanza na vitabu kabla ya picha, maana mgawanyiko wa kwanza ulianzia hapo, muda mrefu kabla ya mwaka 2019.

Kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa tamthilia hii, kilitoka mwaka 1996. HBO ilianza kurusha tamthilia tarehe 17 Aprili 2011, na kitabu cha tano kikatoka Julai ya mwaka huohuo. Cha sita hakijachapishwa hadi ninapoandika maneno haya. Kwa miaka minne au mitano ya mwanzo, basi, sisi wasomaji tulikuwa tunakaa na wenzetu mbele ya runinga tukijua nani atakufa. Harusi Nyekundu imo katika kitabu cha mwaka 2000. Ilipoonyeshwa Juni 2013, wasomaji walikuwa wameficha kamera tayari ili kuwarekodi jamaa zao wakipiga mayowe, na video hizo zilisambaa dunia nzima. Ilikuwa raha yenye ukatili kidogo, nakiri. Tamthilia ilipovipita vitabu, tukapoteza cheo hicho ghafla, na baadhi yetu tulianza kununa tangu wakati huo. Tulilalamikia namna habari za nchi ya Dorne zilivyofanywa kuwa mzaha. Tulilalamikia kuondolewa kwa Lady Stoneheart, yaani Catelyn Stark anayefufuka na kidonda chake shingoni akitafuta kisasi, na kuondolewa kwa kijana anayejiita Aegon, ambaye katika vitabu anatua Westeros kudai kiti kabla ya Daenerys. Ukikutana na msomaji aliyekasirika, chunguza kwanza kama hasira yake ni ya mwisho au ni ya mambo haya ya zamani.

Lakini kuna lawama moja ambayo wasomaji na wasiosoma tuliishika pamoja, nayo ndiyo naiona ya haki. Katika filamu tulizokulia, kila mtu anajua kwamba stering hafi. Tamthilia hii ilitushika kwa sababu stering alikufa, tena katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, na hesabu yake ilionekana. Ned Stark alimwendea Malkia Cersei akamweleza ana kwa ana siri yake aliyoigundua, kwa kuwahurumia watoto wa malkia huyo, na huruma hiyo ikamgharimu kichwa. Robb Stark aliahidi kumwoa binti wa Walder Frey, akaoa kwa mapenzi, na akauawa na mama yake na mke wake karamuni kwa huyohuyo Frey. Ukirudi nyuma unaweza kunyoosha kidole mahali ambapo kila mmoja alijichimbia kaburi.

Sasa itazame tena sehemu ya tatu ya msimu wa nane, vita ya Winterfell, ngome ya akina Stark, dhidi ya jeshi la wafu. Samwell Tarly amelala juu ya rundo la maiti akiwa amezingirwa na wafu. Brienne na Jaime wamebanwa ukutani na wafu wasiohesabika. Kamera inaondoka, inarudi, bado wanapumua. Inaondoka tena, inarudi, bado wanapumua. Hakuna aliyetueleza wamepona kwa njia gani. Sehemu inayofuata, meli za Euron Greyjoy zinamvizia na kumuua joka Rhaegal mchana kweupe, ilhali Daenerys yuko angani na bahari yote iko chini yake. Katika video fupi iliyorushwa baada ya sehemu hiyo, David Benioff, mmoja wa waandishi wakuu wa tamthilia, alieleza kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau meli hizo. Hadi leo maelezo hayo ni kichekesho kati ya mashabiki, na sioni namna ya kuyatetea.

Ongeza na suala la safari. Mwanzoni mwa hadithi, Mfalme Robert alitumia takriban mwezi mzima barabarani kutoka King's Landing hadi Winterfell, na katika mwezi huo watu walikula, waligombana, walipanga njama. Katika msimu wa saba, Gendry anakimbia hadi kwenye Ukuta, kunguru anaruka hadi Dragonstone, na Daenerys anafika na majoka yake, wakati wenzake bado wamesimama juu ya mwamba katikati ya ziwa la barafu. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kumi. Wa saba ukawa na saba, wa nane sita. HBO ilikuwa tayari kulipia zaidi. Ni Benioff na mwenzake D. B. Weiss waliochagua kufunga. Mimi sina ugomvi na mahali walipofika. Ugomvi wangu ni mwendo waliokwenda nao.

Jabali:

Mkuu Msomaji, heshima yako, lakini naomba nisimame upande ambao hauna watu wengi. Habari za meli na kunguru nakuachia, ni kweli. Kuhusu Daenerys, hapana.

Watu husema aligeuka ghafla. Hebu turudi. Msimu wa kwanza, kaka yake Viserys anamiminiwa dhahabu iliyoyeyuka kichwani, naye anatazama bila kupepesa. Mwishoni mwa msimu huohuo anamfunga mganga Mirri Maz Duur juu ya lundo la kuni za maziko na kumchoma hai. Msimu wa pili anawafungia Xaro na mjakazi wake mwenyewe Doreah ndani ya hazina tupu, wafe polepole. Msimu wa nne anawasulubu mabwana 163 wa Meereen, mmoja kwa kila mtoto aliyesulubiwa njiani, bila kuuliza nani kati yao alihusika. Baadaye mtoto wa mmoja wao anamjia na kumwambia kwamba baba yake alikuwa ameupinga uovu ule. Msimu wa saba anawachoma Randyll Tarly na mwanawe Dickon, mateka waliokwisha kushindwa, kwa sababu wamekataa kupiga magoti. Hata ile ndoto ya msimu wa pili katika nyumba ya wachawi wa Qarth inamwonyesha ukumbi wa kiti cha enzi ukiwa hauna paa, umefunikwa na kitu cheupe kinachodondoka, ambacho sote tulikiita theluji.

Kila mara tulishangilia. Tulishangilia kwa sababu waliochomwa walikuwa watu wabaya au tulioambiwa ni wabaya, muziki ulipanda, na joka likanguruma. Tyrion anayasema haya kwa kinywa chake katika sehemu ya mwisho alipokuwa kifungoni. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya hasira ya 2019 ilikuwa hasira ya watu walioonyeshwa makofi yao wenyewe. Kuna wazazi Marekani waliowapa mabinti zao jina la Khaleesi, mamia kwa mwaka, wakati hadithi haijaisha. Mtu aliyefanya hivyo unatarajia aupokeeje mji unaoungua?

Na ile tofauti iliyokushangaza, dada, kati ya tuzo na alama za watazamaji, haina mkanganyiko mkubwa. Wapigakura wa Emmy ni watu wa kazi hiyohiyo: wapo wanaopima taa, mavazi, sauti, uhariri. Muziki wa Ramin Djawadi haukushuka hata sehemu moja. Peter Dinklage alipata tuzo yake ya nne kwa kumwigiza Tyrion. Fundi wa mavazi hahukumiwi kwa kosa la mwandishi. Mashabiki walikuwa wakipigia kura hadithi. Wenzao walipigia kura kazi ya mikono. Kuhusu lile ombi la kuandika upya, Sophie Turner aliyeigiza Sansa alisema wazi kwamba ni kuwakosea heshima watu waliofanya kazi ile, nami nakubaliana naye. Mtu ana haki ya kuchukia kazi. Kudai ifanywe upya kwa sababu umeichukia ni jambo lingine.

Mama Zuhura:

Wanangu, nawasoma na kufurahi, ila mnaizungumzia hasira ya mashabiki kana kwamba ilizaliwa mwaka 2019. Wengine tulikuwa tumekwisha kuondoka.

Mimi niliacha msimu wa tano, mwaka 2015, baada ya usiku wa ndoa ya Sansa na Ramsay Bolton. Katika vitabu, Sansa hakuolewa na Ramsay. Aliyeteswa pale ni msichana mwingine. Waandishi wa tamthilia walimchukua binti tuliyemwona akikua tangu msimu wa kwanza, wakampeleka kwa makusudi katika chumba kile, kisha kamera ikahamia kwenye uso wa Theon, mateka wa Ramsay, yaani maumivu ya binti yakawa darasa la mwanamume anayetazama. Sikuwa peke yangu. Seneta Claire McCaskill wa Missouri alitangaza hadharani kwamba ameachana nayo baada ya sehemu hiyohiyo, na majukwaa ya wanawake wapenzi wa hadithi za kubuni yalifanya vivyo hivyo. Wakati ule tuliambiwa kwamba tunakuza mambo, kwamba dunia ile ni ya ukatili. Waliotuambia hivyo ndio haohao waliotia saini ombi miaka minne baadaye. Nasema kwa utani, lakini utani wenyewe una ukweli ndani yake.

Nilirudi kuitazama misimu ya mwisho kwa sababu ya binti yangu, na hapo nikakutana na la pili. Missandei. Katika tamthilia nzima yenye mamia ya waigizaji, yeye, aliyeigizwa na Nathalie Emmanuel, ndiye alikuwa mwanamke mweusi pekee mwenye nafasi ya kudumu. Alichukuliwa utumwani Naath akiwa mtoto, akajifunza lugha kumi na tisa, akakombolewa, akawa mshauri wa malkia. Akafa msimu wa nane juu ya ukuta, mikono yake ikiwa imefungwa kwa minyororo, ili Daenerys apate sababu ya kukasirika. Hakuna aliyekuja kumlilia isipokuwa Grey Worm, ambaye naye aligeuzwa kuwa mchinjaji katika sehemu iliyofuata. Watazamaji wengi weusi, Marekani na kwingineko, walilia na jambo hilo siku zilezile, lakini kelele za meli za Euron zilikuwa kubwa zaidi. Kumbukeni pia mwisho wa msimu wa tatu, wakombolewa wa Yunkai wakimbeba juujuu mkombozi wao mwenye nywele nyeupe na kumwita mama. Martin alieleza kwamba tukio lile lilipigwa Moroko, na waliojitokeza kuigiza ni watu wa huko. Maelezo nayaelewa. Picha bado ni ileile.

Kwa hiyo, mdogo wangu Bint Pangani, mtu akikwambia "mashabiki walikasirika", muulize ni mashabiki gani na lini. Jabali, mwanangu, hoja yako kuhusu makofi ni nzito, ila wapo ambao hatukupiga makofi hata siku ile ya Meereen.

Fundi wa King'amuzi:

Hoja zote zimekaa vizuri, lakini mmesahau jambo la kawaida kabisa: watu hawakuitazama tamthilia hii kwa namna moja, na namna ya kutazama huathiri hukumu.

Nianze na giza. Sehemu ya tatu ya msimu wa nane ina dakika 82, ilipigwa kwa usiku 55, na iliongozwa na Miguel Sapochnik, ambaye ndiye aliyeongoza pia sehemu ya vita vya Hardhome na ile ya vita vya Jon na Ramsay. Wengi walilalamika kwamba hawakuona kitu zaidi ya weusi unaosogea. Mpigapicha mkuu, Fabian Wagner, alijibu kwamba hakukosea taa, na kwamba tatizo ni runinga zilizopangwa vibaya na picha kubanwa inaposafirishwa mtandaoni. Mimi nafunga ving'amuzi na runinga, naweza kusema ana haki nusu. Picha inapobanwa sana, sehemu za giza ndizo hutolewa kafara kwanza, kwa hiyo moshi na theluji vinageuka kuwa vipande vya mraba vinavyotetemeka. Aliyeitazama kwenye simu, kutoka faili lililobanwa mara mbili tatu kabla ya kumfikia, hakuiona kazi ambayo Wagner aliipiga. Nusu ya pili ni kwamba mtu anayepiga picha kwa ajili ya runinga anajua vizuri runinga za watu zikoje. Bint Pangani, kama faili lako lilikuwa safi na ulizima taa ya sebuleni, wewe na kaka yako hamkutazama vita moja.

Jambo la pili ni kusubiri, na hili ndilo naona linajibu swali lako moja kwa moja. Msimu wa saba uliisha tarehe 27 Agosti 2017. Wa nane ulianza tarehe 14 Aprili 2019. Katika pengo hilo watu waliishi ndani ya hadithi bila hadithi mpya. Walichora alama za duara za Night King, yule mfalme wa wafu, na kutafuta maana yake. Walijadili Azor Ahai, shujaa wa unabii, ni nani. Walithibitishiwa mwaka 2016 kwamba Jon ni mtoto wa Lyanna Stark na damu ya Targaryen, nadharia iliyokuwa imezungushwa na wasomaji kwa miaka mingi, kwa hiyo wakaamini kwamba nadharia nyingine zote nazo zitalipwa. Kila mtu alikuwa na mwisho wake kichwani, ameutunza, ameupenda. Kisha Night King akachomwa kisu na Arya katikati ya msimu, na alama za duara hazikuelezwa kamwe. Wewe uliyetazama mfululizo uliziona alama zile juma hili na Night King akafa juma lililofuata; hukupata nafasi ya kuzijengea nyumba.

Usisahau pia saa. Marekani ilirushwa Jumapili saa tatu usiku kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Wapo walioamka. Wasioamka waliingia kazini na kukuta makundi ya WhatsApp yamekwisha kutoa hukumu, na jioni walipokaa kutazama walikuwa wanatafuta kasoro walizoambiwa watazikuta. Kikombe cha kahawa kilichosahaulika mezani katika sehemu ya nne kilisambaa duniani kabla nusu ya watu wa huku hawajaitazama sehemu yenyewe. HBO ilikifuta kikombe hicho baadaye kwa kompyuta, kwa hiyo kwenye flashi yako huenda hakimo kabisa.

Bint Pangani:

Nawashukuru nyote. Mama Zuhura, shikamoo, na nimekuelewa. Tukio la Sansa nililiruka kwa sababu kaka alinionya nilipofika hapo, na sasa najiuliza kama aliniondolea kitu ambacho kingebadilisha namna nilivyoupokea mwisho. Fundi, kikombe kweli sikukiona.

Jabali, umenishawishi kwa kiasi, ila kuna kitu kimoja bado kinanisumbua katika sehemu ya tano. Kengele zinalia, mji umekwisha kujisalimisha, askari wametupa panga. Daenerys amekaa juu ya joka lake Drogon ukutani na anatazama ngome nyekundu. Pale ndipo anapoamua. Kwa nini watu wawili wenye akili timamu wanatazama dakika ileile na mmoja anaona uamuzi, mwingine anaona kosa la mwandishi?

Jabali:

Kwa sababu ya kilichofuata, dada. Itazame tena uone: tangu Drogon anaporuka kutoka kwenye ukuta ule, uso wa Daenerys hauonyeshwi tena hadi sehemu inaisha. Tunaona joka kutoka chini. Tunaona moto kwa macho ya Arya, ya Jon, ya mama anayekimbia na mtoto wake mkononi. Mimi nadhani Sapochnik na waandishi walifanya hivyo wakijua wanachofanya. Kwa misimu saba tuliwatazama watu wakiungua tukiwa mgongoni mwa joka, pamoja naye, na sasa tuko barabarani pamoja na watu wa kawaida, ambao kwao haina maana yeyote aliye huko juu anajisikiaje. Ndiyo maana nikasema makofi.

Msomaji wa Usiku:

Na mimi natazama picha hizohizo na kuona jambo lililo kinyume. Hii ni tamthilia iliyokaa na Theon katika mateso yake kwa msimu mzima, iliyompa Jaime muda mrefu ndani ya maji ya moto aeleze kwa nini alimuua mfalme wake, iliyomfuata Cersei hatua kwa hatua akitembezwa uchi mitaani mpaka adui zake wakamwonea huruma. Kazi yake kubwa ilikuwa kutuingiza ndani ya mtu anayefanya lisilosameheka. Ilipofika kwa mtu ambaye hadithi nzima ilimsubiri, ikafunga mlango. Ishara za kabla, Jabali, nazikubali zote, na nyingine hukuzitaja. Lakini ishara kwamba mtu anaweza kufanya jambo hazijazi nafasi ya saa ile anapolifanya. Kati ya kifo cha Missandei na kengele zile kuna sehemu moja tu, na ndani ya sehemu hiyo Daenerys ana mazungumzo machache, amekonda, nywele hazijasukwa, basi.

Emilia Clarke alifanya alichoweza kwa sekunde zile za ukutani. Aliteuliwa kuwania Emmy ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule na alistahili. Alipewa sekunde kwa kazi iliyohitaji saa.

Mama Zuhura:

Na Missandei naye akapewa neno moja tu kabla ya kuuawa. Mwendelee kubishana juu ya uso wa malkia, ila muone jinsi hata mnapobishana yeye anabaki kuwa sababu ya jambo la mtu mwingine.

Fundi wa King'amuzi:

Mama, hapo umetukamata.

Niongeze moja kwa wale wanaosema kwamba mwisho ule uliua kila kitu. House of the Dragon ilipoanza tarehe 21 Agosti 2022, HBO ilitangaza watazamaji karibu milioni 10 Marekani kwa siku ya kwanza, kutoka kwa hadhira ileile iliyoapa kutorudi. Sehemu ya kwanza kabisa ya Game of Thrones mwaka 2011 ilianza na milioni 2.2. Watu waliochukia kweli hawarudi. Hawa walikuwa wamenuna.

Msomaji wa Usiku:

Tumenuna, sawa, sikatai.

Bint Pangani, jambo la mwisho linalokuhusu wewe uliyeupokea mwisho bila hasira. Martin aliwaeleza Benioff na Weiss nguzo kuu za hadithi yake miaka mingi kabla hawajafika huko, na Isaac Hempstead Wright aliyeigiza Bran amesema aliambiwa kwamba Bran kuwa mfalme ni jambo lililotoka kwa Martin mwenyewe, kama lilivyotoka lile la mtumishi Hodor kufa akiuzuia mlango. Kwa hiyo wanaosubiri vitabu viwape mwisho tofauti kabisa wanaweza kungoja bure. Mimi nasubiri kitabu cha sita kwa sababu nataka kurasa mia kadhaa ndani ya kichwa cha Daenerys kabla ya kengele, au chochote kitakachochukua nafasi ya kengele. Kama baada ya kurasa hizo atauchoma mji, nitafunga kitabu na kusema Jabali alikuwa ameona mbali. Kama Martin naye atatufungia mlango wa kichwa cha Daenerys, tutarudi hapa tuendelee.